Fainali Iliyohamishiwa Jumapili

Rietwolde, majuma matatu kabla ya Pentekoste

Mdogo wangu mpenzi Geesje,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, na watoto, na wajukuu wote ambao majina yao ya huko New Zealand bado yananikwama kooni. Goti lako linaendeleaje baada ya upasuaji? Najua huko kwenu sasa ndiyo baridi inaanza, basi lifunike vizuri na usijifanye msichana. Mimi ni mzima kabisa. Daktari alinipima mwezi uliopita akasema nina moyo wa mtu wa miaka sitini, nami nikamwambia hilo nilikuwa nalijua, angeniuliza tu asingehangaika na mashine yake. Gari bado naendesha mwenyewe. Bado napanda ngazi kukagua paa langu, ingawa majirani wakiniona wanatoka nje na kusimama chini mikono viunoni, kana kwamba nikianguka watanidaka.

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Shule niliiacha mapema nikapanda paani na Baba kuezeka matete, na kalamu haijawahi kunizoea. Ningeweza kukupigia simu, lakini kila nikitaja habari za ukuta wa klabu unaniambia maziwa yako yanachemka jikoni. Tangu mwaka mpya maziwa yako yanachemka nikifika mahali palepale. Barua huwezi kuikata. Basi isome mpaka mwisho, hata ukikasirika njiani.

Klabu yetu inatimiza miaka mia moja Pentekoste hii. Jorinde, mwenyekiti mpya, yule mjukuu wa mwenye duka la baiskeli, amepata wazo la kuchora ukutani mwa jumba la klabu historia ya wanawake wa Rietwolde katika Kombe la Ulaya la mpira wa magongo. Wazo zuri, silipingi. Nikamwambia mimi ndiye nitakayewasimulia, maana nani mwingine amebaki anayejua? Nani aliyewapeleka wale wanawake kila walikokwenda? Ni mimi na basi langu. Nimevuka nao mipaka, milima na vivuko vya bahari tangu kombe lenyewe lilipokuwa changa, miaka ya sabini, na sikuwahi kukwaruza hata taa. Waliniita rubani. Wewe mwenyewe ulikuwa unakaa kiti cha nyuma yangu ukinisimulia nini kiko kwenye vibao vya barabarani, nami nikijifanya nimekwisha kuvisoma.

Nikaenda kwenye kikao cha kwanza nimevaa tai. Nikawaeleza jinsi lilivyoanza, kwamba kombe wakati ule lilikuwa jambo la wanawake wachache na magongo ya mbao. Vilabu bingwa vya nchi chache vinakutana mji mmoja sikukuu ya Pentekoste, wachezaji wanalala kwenye nyumba za wenyeji, wanacheza kwenye nyasi za kweli zenye vichuguu vya fuko, na mechi ikiisha aliyeshinda na aliyefungwa wanakula supu kutoka sufuria moja. Magazeti yaliwapa mistari mitatu, chini ya matokeo ya mashindano ya njiwa. Lakini wanawake wa nchi hii wakashinda, wakashinda tena, mpaka Wajerumani na Waingereza wakawa wanatusalimia wamekunja nyuso. Halafu zikaja nyasi bandia, na baadaye nyasi bandia zinazomwagiwa maji kama bustani ya kabichi. Magongo hayakuwa ya mbao tena, sheria zikageuzwa, kombe likapewa jina jipya na kikombe kipya, na mechi ikienda sare siku hizi mtu anakimbia peke yake na mpira kumkabili golikipa huku saa inahesabu. Niliyasema yote hayo bila karatasi, na kahawa yangu ikapoa.

Jorinde akanishukuru sana. Kisha akasema kwamba, kwa jinsi walivyokwisha kupanga, historia ya Rietwolde inaanza mwaka tuliolitwaa kombe, kwenye nyasi bandia, na kwamba ya nyuma ya hapo yalikuwa majaribio. Nikamuuliza kama na yeye aliitwa jaribio kabla hajaota meno. Akacheka. Vijana hawa wanacheka, huwezi hata kugombana nao vizuri.

Unawajua watu wetu. Hakuna kinachoamuliwa mpaka kila mtu amesema lake na kila mtu amekubali. Kikombe kimoja cha kahawa, biskuti moja, kopo linafungwa, watu wanazungumza mpaka makalio yanakufa ganzi. Mimi nikaona hiyo ndiyo silaha yangu. Wote wanakubali, Harmen hakubali, basi haijaamuliwa, turudi Alhamisi ijayo. Kikao cha pili wakachoka, wakaniachia sehemu ya kwanza ya ukuta iitwe Miaka ya Nyasi, na katikati yake iwekwe fainali ile ya kwa Wajerumani, ya mwaka sabini na nane. Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Nikadhani nimeshinda.

Kikao cha tatu wakaleta majina, na jina lako halikuwamo.

Nikasimama. Nikasema mmemsahau golikipa. Jorinde akasema kwa upole, ule upole wao unaoudhi, kwamba hawakumsahau mtu. Walikubaliana kwamba kwa kila fainali wataandika walioingia uwanjani siku hiyo. “Babu Harmen, dada yako hakuingia,” akasema. “Hata kwenye picha hayumo. Nikimwandika yeye, niandike na waliobaki nyumbani na mafua?”

Basi nikawasimulia. Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini nayaandika vilevile kama nilivyowaambia, uone kama nimekosea mahali.

Niliwaambia kwamba uwanja wa zamani ulipakana na ghala letu la matete, mipira ya mabinti wa madaktari na wanasheria ikawa inaangukia kwetu, na wewe unairudisha kwa teke. Kwamba hakuna hata mmoja wao aliyependa kusimama golini apigwe mipira migumu kama mfupa, kwa hiyo wakamchukua binti wa mwezekaji, na ndani ya miaka miwili binti wa mwezekaji hafungiki. Kwamba Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu Jumapili hata baiskeli haikutolewa bandani. Alikuruhusu kucheza kwa sharti moja, na wewe ukamwahidi. Mechi za ligi za Jumapili golini akasimama binti wa daktari wa meno. Wewe ulikuwa wa Jumamosi, wa sikukuu na wa mechi kubwa.

Niliwaambia kwamba kule kwa Wajerumani ratiba ilikuwa mechi Ijumaa na Jumamosi, Jumapili mapumziko, fainali Jumatatu ya Pentekoste. Ndiyo maana Baba alikubali uende. Mpaka fainali hukufungwa hata bao moja, na kwenye nusu fainali ulizuia penalti kwa ugoko, ukachechemea mpaka kwenye basi huku unacheka. Halafu Jumamosi ile jioni wenye mashindano wakasema fainali itachezwa kesho yake, Jumapili, kwa sababu Waingereza walikuwa na meli ya kuwahi Jumatatu. Kwa ajili ya meli, Geesje. Mpaka leo nikiona meli kwenye televisheni nabadilisha kituo.

Ulipiga simu nyumbani. Baba akakukatalia. Na Jumapili asubuhi ukamwachia binti wa daktari wa meno kinga zako za miguu, ukavaa sketi yako ya kanisani, ukaondoka kwa miguu kutafuta kanisa katika mji usioujua. Tulifungwa moja bila. Mpira ulipita katikati ya miguu yake, ukienda polepole kiasi kwamba mtu angeweza kuuokota.

Nilipomaliza nikawauliza, ni nani aliyewafikisha kwenye hiyo fainali.  Kisha yule mzee Lubbert wa baa, aliyekuwa mchukua mifuko wetu siku zile na ambaye hajanisamehe tangu nilipomshinda kwa karata, akasema kutoka nyuma ya kaunta, “Harmen, muulize dada yako kama mbinguni kuna goli, maana huku chini alituachia liko wazi.” Watu wakacheka, hata wale ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. Nikamwambia Lubbert kwamba yeye alikuwa akibeba mifuko na hata hiyo alikuwa akiisahau. Lakini niliumia. Sijui kama unajua kwamba hivyo ndivyo unavyotajwa hapa. Yule aliyekwenda kusali. Miaka yote hii, ukitaja fainali ile, mtu mmoja atasema yule aliyekwenda kusali, na mwingine atacheka.

Sasa nikikupigia simu nikwambie napigania jina lako, wewe unasema nini? Mwaka mpya uliniambia niache. Uliniambia, na maneno haya hayajanitoka, kwamba uliikosa fainali kwa ajili ya mtu ambaye hata asante hakusema, na kwamba ukuta wowote wenye habari hizo nisikuweke humo. Kisha maziwa yakachemka. Nilikaa na simu mkononi nikiwa na hasira na wewe. Nilisema moyoni, huyu hakuja hata kumzika Baba. Alituma shada la maua lenye utepe wa maandishi ya Kiingereza, Mama akalazimika kumwomba mchungaji amsomee. Na mimi niliyebaki, niliyemwogesha Baba mwisho wake, ndiye ninayeambiwa niache.

Lakini sikuacha, unanijua. Kikao cha nne sikukubali. Kikao cha tano wakaja na mbinu. Wakamwita Hadewych.

Hadewych, kapteni wako, binti wa mwanasheria, sasa ana miaka sabini na tisa na anatembea kwa kigari cha kusukuma, lakini shingo ni ileile, utadhani bado ananusa kitu kisichompendeza. Walitaka aje aniambie yeye nikubali, maana wanasema yeye ndiye mtu pekee niliyewahi kumtii, na tena ni kwa sababu alikuwa akinilipia mafuta ya basi. Akaketi, akakataa biskuti, akasikiliza. Mimi nikasema yangu yote tena kuanzia ghala la matete. Na safari hii nilikuwa nimechoka, Geesje, nikasema na jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele za watu. Nikasema dada yangu aliiacha fainali kwa kumheshimu baba aliyemkatalia kwenye simu akarudi kulala, na tuliporudi hakumtazama hata usoni, na dada yangu akaondoka nchi hii kwa sababu hiyo, na kama klabu nayo haiwezi kumwandika basi wote ni walewale.

 Sikudhani Hadewych atafanya lolote. Kisha akamwambia Jorinde kikao kiahirishwe, na akaniambia mimi, “Harmen, nirudishe nyumbani. Kama bado unajua njia.”

Nikamsaidia kupanda garini, nikakunja kile kigari chake, tukaondoka. Hapo ndipo aliponiuliza kama kweli Baba hakukwambia wewe. Nikamuuliza, hakumwambia nini. Akasema kwamba miaka yote hii alidhani jambo hilo ni la nyumbani kwetu na sote tunalijua, na kwamba kuondoka kwako kulikuwa kwa sababu ya shemeji na mashamba yake.

Geesje, shika kitu. Baba alikuja.

Jumapili ile Baba alikuwa pale uwanjani. Hadewych alizungumza naye kwa kinywa chake. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani, suruali imebanwa miguuni na vile vibanio vya baiskeli, amesahau kuvitoa. Aliondoka nyumbani kabla kijiji hakijaamka, akapita stesheni yetu, akapita na inayofuata, akaendesha mpaka stesheni ambayo hakuna mtu wa kanisa letu angemwona akipanda treni siku ya Jumapili. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuturuhusu kuchonga penseli siku hiyo. Akavuka mpaka kwa treni, akauliza njia kwa Kijerumani chake cha kuhesabu mafungu ya matete, akafika mechi ikiwa imeanza. Akaenda moja kwa moja akasimama nyuma ya goli letu.

Alidhani ni wewe. Kwa nyuma, na zile kinga na barakoa ya uso, golikipa ni golikipa. Alisimama pale kipindi chote cha kwanza akimtazama binti wa daktari wa meno, akidhani umemwasi, na Hadewych anasema hakuwa na uso wa mtu aliyeasiwa. Wakati wa mapumziko yule binti akavua barakoa. Baba akamfuata Hadewych kwenye uzio, kofia mkononi, akamuuliza, “Geesje wangu yuko wapi?” Hadewych akamwambia umekwenda kanisani, kwamba ulisema ulimwahidi baba yako. Baba akavaa kofia, akaivua tena. Akasema, “Nimekuja kumfungua ile ahadi. Namba ya hiyo nyumba mliyolala sikuwa nayo, ningepiga simu.”

Hadewych akamwambia ngoja, Harmen yuko hapo nje na basi, tumtume azunguke makanisa amtafute. Na Baba akasema, haya ni maneno yake, sikuyapunguza, “Harmen usimwambie. Ukimwambia Harmen, Rietwolde yote itajua kabla sijafika stesheni.”

Nilikuwa pale, Geesje. Hatua chache kutoka getini. Nilikuwa ndani ya basi nikimweleza dereva wa Waingereza jinsi ya kupunguza gia mteremkoni, jambo ambalo hakuniuliza. Mimi ninayewaambia watu wote kwamba niliona kila kitu.

Hadewych akamuuliza Baba, basi mbona usirudi, hapa hakuna tena wako. Baba akasema, “Jumapili nimekwisha kuivunja. Acha niimalize. Sijawahi kumwona akicheza, angalau nione anasimama wapi.” Na timu zilipobadilishana pande, akatembea uwanja mzima, akazunguka kwa nje ya uzio, akaenda kusimama nyuma ya goli letu upande wa pili. Alipoondoka alimwomba Hadewych asikwambie, kwamba atakwambia mwenyewe.

Nilikuwa nimeupita mlango wa Hadewych. Nikageuza gari, nikaupita tena. Yeye alikaa tu ameshika mkoba wake magotini mpaka nilipoweza kusimama.

Sasa yapange wewe mwenyewe. Tuliporudi Jumatatu pazia za mbele zilikuwa zimefungwa, pazia za kwetu ambazo hazikuwahi kufungwa, ili kila apitaye aone hatuna cha kuficha. Mama alisema Baba anaumwa tumbo tangu jana, hata ibadani hakwenda. Wewe uliingia chumbani kwake na ule ugoko wako uliovilia damu, umetimiza ahadi, unangoja neno moja, naye akageukia ukutani. Ulidhani anaona aibu kwa ajili yako, kwamba jina lako lilikuwa kwenye timu iliyocheza Jumapili. Sote tulidhani hivyo. Na wakati wa kiangazi alipojiuzulu uzee wa kanisa akasema ni mgongo unamuuma, kijiji kizima kilisema ni kwa sababu ya binti yake wa mipira, na wewe ukasikia, na majira ya kupukutika majani ukawa umekwisha kupanda ndege.

Nimekasirika, Geesje. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Mtu anavunja Sabato yake, anapanda treni, anavuka mpaka kwenda kusema neno moja, analikosa kwa kupishana na wewe njiani, halafu anarudi nalo na kukaa nalo chumba cha pili, ukuta mmoja kati yenu, mpaka umeondoka. Alikuwa na kiangazi kizima. Alikuwa na mdomo. Baadaye alikuwa na anwani yako, ilikuwa imebandikwa chooni kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa, aliiona kila asubuhi. Namkasirikia na Mama, ambaye bila shaka alijua, maana nani aliyemfungia mkate wa njiani? Na wewe pia, kwa sababu ulikuwa na mdomo wa kumwambia Hadewych na wachezaji kumi wanyamaze walipokusihi ucheze, lakini mbele ya mgongo wa mzee mmoja kitandani ukashindwa kuuliza. Na mimi je? Nimekaa kwenye ile nyumba na Baba miaka mingine minane. Nikamnyoa, nikamlisha uji, na kila siku mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza. Hadewych hakusema hivyo, lakini nimelifikiria mwenyewe. Huenda mara moja au mbili alifungua kinywa, nami nikawa katikati ya hadithi ya basi.

Kikao cha sita kilikuwa juzi. Nilikwenda bila tai. Jorinde akaniuliza, Babu Harmen, una hoja gani leo, nikamwambia sina. Nikamwambia sikubali wala sikatai, waache nafasi wazi chini ya majina, wamngoje mwenye jina aseme. Habari za Baba sikuwasimulia. Ndiyo, mimi. Hata Lubbert hajui, na aliponichokoza nilimnunulia bia, akaingiwa na hofu. Jorinde alinifuata mpaka garini kuniuliza kama naumwa. Ni msichana mwema, nisipokuwa kikaoni nampenda. Akasema nafasi itabaki wazi mpaka Ijumaa ya kabla ya Pentekoste, kwa sababu mchoraji naye ana kazi nyingine.

Basi shauri ni lako. Ukisema jina liandikwe litaandikwa, wamekwisha kuchoka, hakuna atakayepinga. Ukisema lisiandikwe nitainua mkono wangu na wengine, na sitakuuliza tena wala kukupigia simu kwa habari hiyo. Ila usijibu kwa sababu ya yale uliyokuwa unayajua. Jibu kwa sababu ya haya.

Na kama goti linaruhusu, njoo. Nimepaka rangi chumba cha Mama. Nitakupokea uwanja wa ndege mwenyewe, usisikilize wanaosema nisiendeshe mbali. Kaburini kwa Baba sijakwenda tangu nilipoambiwa. Sitaki kwenda peke yangu, nitaanza kuongea.

Jana nilirudi kwa Hadewych kumuuliza jambo moja ambalo lilinikosesha raha. Nilitaka kujua Baba alikuwa akifanya nini bao lile lilipoingia, lile la polepole. Hadewych alikuwa katikati ya uwanja, anakimbia kurudi nyuma, anasema alikuwa akiutazama mpira na nyuma ya mpira alikuwa akimwona yeye. Anasema binti wa daktari wa meno alibaki amesimama wima, na nyuma ya nyavu, katika koti jeusi na vibanio vya baiskeli, Baba, yeye aliyesema hajawahi kukuona ukicheza, alipiga goti moja chini na kunyoosha mguu wake mwingine pembeni kuuzuia ule mpira, mpaka mwisho, vilevile kabisa ulivyokuwa ukifanya wewe.

Wasalimie wote walio karibu nawe. Mwambie shemeji nimemkumbuka na jibini lake lisilo na chumvi. Funika goti.

Ni mimi kaka yako,

Harmen